Jinsi ya kuichambua namba 123,456,789 mpaka mwisho

Ukiichambua 123,456,789 kwa mkono, mwanzo ni mwepesi. Unajumlisha tarakimu, unapata 45, unagawanya kwa 9, unabaki na 13,717,421. Kisha unajaribu 7, 11, 13, 17, unafika labda 50, na hakuna hata moja inayoingia. Unaandika: "13,717,421 ni namba tasa." Hapo ndipo kazi nzima huharibika.

Namba hiyo si tasa. Kosa hilo hupita kimyakimya hadi kwenye idadi ya vigawo, jumla yake na kila kitu kinachojengwa juu yake. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye hatua ya 4 hadi ya 6, ambako watu hukwama. Mahali pengine tutapita haraka.

Tuelewane kwanza juu ya maneno mawili yanayochanganywa. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila kuacha baki: 3 ni kigawo cha 12. Kigawe ni kinyume chake: 12 ni kigawe cha 3. Hapa tunatafuta vigawo.

## Vitu unavyohitaji

- Karatasi ya miraba na penseli. Tarakimu zikipangwa kila moja kwenye mraba wake, hazipandani wakati wa kuzidisha.
- Kikokotoo chenye kitufe cha kipeuo cha pili. Kile kidogo cha tarakimu 8 hakiwezi kuionyesha 123,456,789, maana ina tarakimu 9, lakini kazi ngumu yote iko kwenye 13,717,421 ambayo inaenea. Cha simu kinatosha kwa kila kitu.
- Orodha ya namba tasa 25 zilizo chini ya 100: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97.

Tahadhari kwa wanaotumia lahajedwali: programu za aina hiyo kwa kawaida hutunza tarakimu 15 tu. 123,456,789 ikizidishwa kwa yenyewe ni 15,241,578,750,190,521, tarakimu 17, na lahajedwali itakuandikia 15,241,578,750,190,500 bila kukuonya. Namba yenyewe iko salama humo. Kipeo chake cha pili hakiko salama.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeandika namba sahihi

Gawa namba katika mafungu ya tarakimu tatu kutoka kulia: 123 | 456 | 789. Mafungu haya yatatumika tena, basi yaandike juu ya karatasi.

Kisha zidisha kwa 9. Ukipata 1,111,111,101, umeinakili vizuri. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, mfuatano huo wa moja huvunjika na utauona papo hapo.

## Hatua ya 2: Ondoa 2, 5 na 3

Tarakimu ya mwisho ni 9. Kwa hiyo namba ni witiri, 2 haiingii, na 5 haiingii.

Jumla ya tarakimu ni 1+2+3+4+5+6+7+8+9 = 45, nayo inagawanyika kwa 9. Kanuni hii inafanya kazi kwa sababu 10 ikigawanywa kwa 9 huacha baki 1, na vivyo hivyo 100, 1,000 na kuendelea. Namba yoyote basi huacha baki ileile inayoachwa na jumla ya tarakimu zake. Ndiyo maana ukizipanga tarakimu 1 hadi 9 kwa namna yoyote, kila moja mara moja tu, hutapata namba tasa kamwe: zote zinagawanyika kwa 9.

123,456,789 ÷ 9 = 13,717,421

Usiondoke bado. Jaribu 3 tena kwenye namba uliyobaki nayo: 1+3+7+1+7+4+2+1 = 26. Haigawanyiki kwa 3. Sasa una uhakika kwamba 3 imeingia mara mbili kamili, si zaidi. Kutokurudia kigawo kilichokwisha kuingia ni kosa la pili kwa wingi katika kazi hii.

Kuanzia hapa tunashughulika na 13,717,421 peke yake.

## Hatua ya 3: Jaribu 7, 11 na 13 kwa mkupuo mmoja

7 × 11 × 13 = 1,001. Kwa kuwa 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu, unaweza kuyachukua mafungu ya tarakimu tatu, ukaanza kulia, ukatoa na kujumlisha kwa kupokezana:

421 − 717 + 13 = −283

Namba hii ndogo inaacha baki zilezile zinazoachwa na 13,717,421. Sasa angalia 283 yenyewe: 283 = 7×40 + 3, tena 283 = 11×25 + 8, tena 283 = 13×21 + 10. Hakuna inayoingia.

Usifute ile −283. Katika hatua ya 7 itakuwa shahidi wako.

## Hatua ya 4: Namba tasa kutoka 17 hadi 97

Kikokotoo hakikupi baki moja kwa moja. Fanya hivi kwa kila namba tasa: gawanya, chukua sehemu nzima tu ya jibu, izidishe kwa kigawanyi, kisha toa kutoka 13,717,421. Mfano wa 17:

- 13,717,421 ÷ 17 = 806,907.117…
- 806,907 × 17 = 13,717,419
- 13,717,421 − 13,717,419 = 2. Baki ni 2, basi 17 haiingii.

Hizi ndizo baki unazopaswa kupata. Linganisha moja baada ya nyingine:

| Namba tasa | Baki | Namba tasa | Baki |
|---|---|---|---|
| 17 | 2 | 59 | 39 |
| 19 | 10 | 61 | 46 |
| 23 | 14 | 67 | 42 |
| 29 | 15 | 71 | 8 |
| 31 | 14 | 73 | 64 |
| 37 | 4 | 79 | 19 |
| 41 | 10 | 83 | 11 |
| 43 | 34 | 89 | 29 |
| 47 | 1 | 97 | 69 |
| 53 | 14 | | |

Angalia sana 47. Kikokotoo cha tarakimu 8 kitaonyesha 291860.02, na jicho lililochoka huisoma kama namba nzima. Siyo. 47 × 291,860 = 13,717,420, na 1 inabaki. Ndiyo sababu tunadai baki iandikwe kila mara badala ya kuamini desimali.

Ukimaliza jedwali hili unajua jambo moja tu: 13,717,421 haina kigawo tasa kilicho chini ya 100. Hujui kwamba ni tasa. Kipeuo chake cha pili ni karibu 3,703.7, kwa hiyo kuthibitisha kwa njia hii kungehitaji kujaribu namba tasa zote mpaka 3,703, na hizo ni zaidi ya 500. Watu huchoka njiani, kisha uchovu unageuka kuwa hitimisho.

Kuna njia fupi zaidi.

## Hatua ya 5: Tafuta tofauti ya miraba miwili

Njia hii ni ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa. Tuseme namba witiri n ni zao la p na q. Chukua namba iliyo katikati ya p na q, iite a. Umbali kutoka katikati hadi kila upande uite b. Basi p = a − b, q = a + b, na zao lao ni:

n = a² − b²

Badala ya kutafuta p kwa kubahatisha, tunatafuta a ambayo a² − n inakuwa mraba kamili, yaani namba kama 49 au 144 yenye kipeuo cha pili kizima. Tunaanza na namba nzima ya kwanza iliyo juu ya kipeuo cha n, kwa sababu a ikiwa ndogo kuliko hapo, a² − n inakuwa hasi.

Kipeuo ni 3,703.7, kwa hiyo a ya kwanza ni 3,704.

a = 3,704. 3,704² = 13,719,616. Ukitoa 13,717,421 unabaki na 2,195. Je, ni mraba kamili? Mraba wowote unaoishia na 5 lazima uishie na 25. Huu unaishia na 95. Si mraba.

a = 3,705. 3,705² = 13,727,025. Ukitoa 13,717,421 unabaki na 9,604. Kipeuo cha 9,604 ni 98 kamili.

Tumefika. b = 98, kwa hiyo:

- p = 3,705 − 98 = 3,607
- q = 3,705 + 98 = 3,803

Majaribio mawili yamefanya kazi ya majaribio zaidi ya mia tano.

Unaweza hata kulikwepa lile la kwanza. 13,717,421 ikigawanywa kwa 4 huacha baki 1 (tazama tarakimu mbili za mwisho tu: 21 = 4×5 + 1). Mraba wowote ukigawanywa kwa 4 huacha 0 au 1. Ili a² − b² iache 1, lazima a² iache 1 na b² iache 0. Maana yake a ni witiri na b ni shufwa, na 3,704 ilikuwa imekwisha kataliwa kabla ya kuguswa. Kama n ingeacha baki 3, ingekuwa kinyume: a shufwa, b witiri. Kumbuka hili, linapunguza kazi kwa nusu kila wakati.

### Ni lini njia hii inakuangusha

Njia ya Fermat ni ya haraka pale tu vigawo viwili vinapokaribiana. Hapa vimeachana kwa 196 tu, jambo dogo kwa namba za ukubwa huo. Vikiachana sana, njia inakuwa mateso.

Chukua 12,345,678. Ukiondoa 2 na 9 unabaki na 685,871, ambayo ni 47 × 14,593. Katikati ya vigawo hivyo ni 7,320, lakini kipeuo cha pili cha 685,871 ni 828 na kidogo. Ungeanza na a = 829 na kupanda hatua kwa hatua mpaka 7,320. Kugawanya kwa namba tasa ndogo kunakipata kigawo 47 kwenye jaribio la 15.

Kwa hiyo mpangilio wetu si wa bahati: kwanza namba tasa mpaka 97, kisha Fermat kwa majaribio 20 hivi. Ikishindikana, rudi kwenye kugawanya, kuanzia 101 kwenda juu mpaka kwenye kipeuo. Hakuna njia ya mkato inayokuruhusu kuandika "tasa" kabla ya hapo.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwamba 3,607 na 3,803 ni tasa

Wengi huishia hatua ya 5 kwa furaha. Lakini 3,607 nayo yaweza kuwa na vigawo, na usipoikagua umerudia kosa lilelile kwa kiwango kidogo.

Kwa ukaguzi wa namba tasa, unahitaji kufika kwenye kipeuo cha pili tu. Namba isiyo tasa ni zao la mbili, na mbili hizo haziwezi zote kuzidi kipeuo chake.

3,607. 60² = 3,600 na 61² = 3,721, kwa hiyo namba tasa mpaka 59 zinatosha. 2 na 5 zinaonekana kwa jicho kwamba haziingii, na jumla ya tarakimu, 16, inaikataa 3. Baki za zilizosalia:

7→2, 11→10, 13→6, 17→3, 19→16, 23→19, 29→11, 31→11, 37→18, 41→40, 43→38, 47→35, 53→3, 59→8.

3,803. 61² = 3,721 na 62² = 3,844, kwa hiyo hapa lazima ufike 61. Wengi huishia 59 kwa mazoea ya namba iliyotangulia. Jumla ya tarakimu ni 14, basi 3 haimo. Baki nyingine:

7→2, 11→8, 13→7, 17→12, 19→3, 23→8, 29→4, 31→21, 37→29, 41→31, 43→19, 47→43, 53→40, 59→27, 61→21.

Hakuna sifuri hata moja. Zote mbili ni tasa, na sasa unaweza kuandika kwa wino:

123,456,789 = 3² × 3,607 × 3,803

Katika kazi hii yote, neno "tasa" limeandikwa kwa haki hapa tu.

## Hatua ya 7: Hakiki zao kwa njia mbili

Zidisha kwanza: 3,607 × 3,800 = 13,706,600, na 3,607 × 3 = 10,821. Jumla ni 13,717,421. Sawa.

Kisha hakiki kwa baki, kwa sababu mkono uliokosea mara moja huweza kukosea vilevile mara ya pili. Jumla za tarakimu: 3,607 inatoa 16, kisha 7. 3,803 inatoa 14, kisha 5. 7 × 5 = 35, kisha 8. Upande wa pili, 13,717,421 inatoa 26, kisha 8. Zinalingana.

Hakiki hii ya 9 ina udhaifu mmoja: haioni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Ukiandika 13,717,241 badala ya 13,717,421, jumla ya tarakimu ni ileile. Hapo ndipo −283 ya hatua ya 3 inapoingia. Kwa 11, baki ya 3,607 ni 10 na ya 3,803 ni 8. 10 × 8 = 80, ambayo kwa 11 huacha 3. Na −283 kwa 11? −283 + 286 = 3. Inakubali. Kwa namba iliyoandikwa vibaya ungepata 241 − 717 + 13 = −463, na baki yake kwa 11 ni 10, si 3. Kosa lingekamatwa.

## Hatua ya 8: Idadi ya vigawo, jumla yake, na wenzake wasioshirikiana

Sasa sifa zinakuja zenyewe.

Idadi ya vigawo. Ongeza 1 kwenye kila kipeo kisha zidisha: (2+1) × (1+1) × (1+1) = 12. Ndivyo hivi:

1, 3, 9, 3,607, 3,803, 10,821, 11,409, 32,463, 34,227, 13,717,421, 41,152,263, 123,456,789.

Ukipata 6, uliichukulia 13,717,421 kuwa tasa. Ukipata 8, umesahau kwamba 3 imeingia mara mbili.

Jumla ya vigawo. (1 + 3 + 9) × (1 + 3,607) × (1 + 3,803) = 13 × 3,608 × 3,804 = 178,422,816.

Mabano ya kwanza ndiyo yanayowaangusha watu. Siyo (1 + 3)², ambayo ingekupa 219,597,312. Kila kipeo cha 3 kinaingia mara moja: 1, 3, 9.

Lile kosa la "tasa" lingetoa 13 × 13,717,422 = 178,326,486. Linganisha na jibu sahihi: tofauti ni 96,330 tu, katika namba ya mamilioni 178. Ndiyo maana kuliangalia jibu na kuona kwamba "linaelekea kuwa sawa" hakutoshi hapa.

Ukiiondoa namba yenyewe kwenye jumla, vigawo vilivyobaki vinafika 54,966,027, pungufu sana ya 123,456,789. Namba ya namna hii huitwa pungufu.

Namba zisizoshirikiana nayo kigawo. Ni ngapi kati ya 1 na 123,456,789 ambazo hazina kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1? Kanuni ni ya mwanahisabati Euler: (9 − 3) × (3,607 − 1) × (3,803 − 1) = 6 × 3,606 × 3,802 = 82,260,072.

Kwa 3² tumia 9 − 3 = 6. Ukitumia (3 − 1)² = 4 utapata 54,840,048, jibu lisilo sahihi. Kipimo cha haraka: jibu linapaswa kuwa chini kidogo tu ya theluthi mbili za namba yote, kwa sababu 3 inaondoa theluthi moja, wakati 3,607 na 3,803 zinaondoa chache mno.

## Hatua ya 9: Uhusiano wake na miraba

Namba hii yenyewe si mraba kamili. Kipeuo chake ni karibu 11,111.11, na 11,111² = 123,454,321, pungufu kwa 2,468. Iweke hiyo 2,468 pembeni.

Jumla ya miraba miwili? Hapa pana mtego mzuri. 123,456,789 ikigawanywa kwa 4 huacha 1, na wengi wamekariri kwamba "baki 1 ina maana inawezekana". Kanuni hiyo ni ya namba tasa tu. Kwa namba iliyoundwa na vigawo vingi, kila kigawo tasa kinachoacha baki 3 kwa 4 lazima kiwe na kipeo shufwa. 3 haina tatizo, kipeo chake ni 2. Lakini 3,607 inaacha 3, na 3,803 inaacha 3, na kila moja imeingia mara moja tu. Kwa hiyo haiwezekani. Baki mbili za 3 zilizidishana zikatoa 1 na kuuficha ukweli.

Jumla ya miraba mitatu? Kizuizi pekee ni hiki: ukishaondoa 4 zote zinazoingia, namba isiache baki 7 kwa 8. Tazama tarakimu tatu za mwisho: 789 = 8×98 + 5. Baki ni 5, basi inawezekana.

Kuipata ni kazi ya kujaribu, na 2,468 inatupa njia. 2,468 = 4 × 617, na 617 = 19² + 16². Ukizidisha kwa 4, yaani 2², unapata 38² + 32². Kwa hiyo:

123,456,789 = 11,111² + 38² + 32²

Hesabu: 123,454,321 + 1,444 + 1,024. Inafika kamili.

Tofauti ya miraba miwili? Kwa namba witiri isiyo mraba, idadi ya njia ni nusu ya idadi ya vigawo, yaani 6. Iliyo karibu zaidi na kipeuo inatokana na 10,821 × 11,409: 11,115² − 294². Ona kwamba 11,115 ni 3 × 3,705 na 294 ni 3 × 98.

## Hatua ya 10: Iandike kwa 0 na 1

Kugawanya kwa 2 mara 27 kunachosha na kunaleta makosa. Gawanya kwa 16 badala yake, uandike baki kila mara:

- 123,456,789 → 7,716,049 baki 5
- 7,716,049 → 482,253 baki 1
- 482,253 → 30,140 baki 13
- 30,140 → 1,883 baki 12
- 1,883 → 117 baki 11
- 117 → 7 baki 5
- 7 → 0 baki 7

Soma kutoka chini kwenda juu: 7, 5, 11, 12, 13, 1, 5. Kila moja iandike kwa tarakimu nne za 0 na 1, ile ya mwanzo ukiiondolea sifuri ya mbele:

111 0101 1011 1100 1101 0001 0101

Tarakimu 27, kati ya hizo 16 ni moja na 11 ni sifuri. Idadi ya 27 inakubalika kwa kuwa namba iko kati ya 67,108,864 (2 kwa kipeo cha 26) na 134,217,728 (2 kwa kipeo cha 27). Kosa la kawaida ni kuandika 1 kama "1" tupu badala ya "0001" katikati ya mfuatano.

## Namba ya kujipima: 987,654,321

Fanya hatua zote upya kwa namba hii iliyogeuzwa. Uhusiano wake na ya kwanza ni mfupi: 987,654,321 = 8 × 123,456,789 + 9, kwa hiyo kigawo kikubwa cha shirika cha zote mbili ni 9.

Utagawanya kwa 9 upate 109,739,369. Kisha 17 itaingia na kutoa 6,455,257. Ijaribu 17 tena kabla ya kwenda 19: itaingia mara ya pili na kubakisha 379,721.

Hapo njia ya Fermat haitakusaidia hata ukijaribu mara elfu, kwa sababu 379,721 ni tasa kweli. Kuithibitisha hakuna budi kugawanya. Kipeuo chake ni 616 na kidogo, namba tasa mpaka hapo ni 112, ya mwisho ikiwa 613. Ukiondoa zile 25 za kwanza ulizokwisha zijaribu, zimebaki 87. Zipitie zote.

Safari hii swali la miraba miwili lina jibu tofauti. 3 ina kipeo 2, 17 inaacha 1 kwa 4, na 379,721 nayo inaacha 1. Ukianza na a = 616 na kushuka, ukikagua kama 379,721 − a² ni mraba, utafika 611, ambako inabaki 6,400, yaani 80². Zidisha 611 na 80 kwa 51, yaani 3 × 17, na jibu lako lilingane na hili:

987,654,321 = 31,161² + 4,080²